Jumamosi ya Upepo wa Nyuma

Kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Chamazi wananiita rubani wa ngalawa. Nimechoka kuwaeleza kwamba ndege ninayorusha ina maboya mawili badala ya magurudumu, na kwamba inaruka na kutua majini, ikipeleka wageni visiwani. Wanacheka, nami najifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba kama wasingenitania, kuna siku zingepita bila mtu kunisemesha.

Tangu mke wangu aondoke na binti yetu kwenda kuishi Kinondoni, nyumba imenizidi ukubwa. Mtoto huletwa kwangu Jumamosi mchana na mama yake mdogo. Tulikubaliana kwamba nisipotokea hadi saa kumi wanageuza, kwa sababu mama mdogo hataki kukutwa na foleni ya Mbagala. Nilikubali haraka, kama mtu asiye na pa kukatia rufaa.

Jumamosi ninayoikumbuka, asubuhi niliruka na upepo mgongoni. Jambo hilo si la kuchezea. Ndege hupenda upepo wa usoni. Ukiruka huku unasukumwa kwa nyuma, unakimbia sana kabla maboya hayajabanduka. Ukitua hivyo, unafika majini kwa kasi, na maji yakigongwa kwa kasi ni magumu kama sakafu. Lakini asubuhi ile upepo ulitoka bara, dhaifu, hata moshi wa kina mama wakaanga samaki pale ufukweni ulikuwa unapanda karibu wima. Na upande huo wa bara ndiko kuna mikoko mirefu na nyaya za umeme. Nikazipa nyaya mgongo, nikaelekea baharini kwenye maji mengi. Sikujiuliza mara mbili.

Mwalimu wangu, mzee mkali ambaye hajawahi kunisifia hata siku moja, alikuwa na swali lake kila nilipotaka kuukubali upepo wa nyuma.

"Sababu yako iko majini, au iko kichwani mwako?"

Ikiwa majini, ruksa. Ikiwa kichwani, zunguka.

Mchana tulichelewa kuondoka kisiwani, mgeni mmoja alikuwa anatafuta miwani yake. Nilipoiona ghuba yetu, saa kumi ilikuwa inakaribia, na bado nilikuwa na safari ya bodaboda hadi nyumbani. Upepo sasa ulitoka baharini, ukinisukuma. Mbele yangu, mwisho wa ghuba, niliona gati letu. Ningeshuka moja kwa moja, ningesimama ubavuni mwake kabisa. Nikatazama moshi wa wakaanga samaki: umelala, lakini haujalala sana. Maji yalikuwa na vikunjo, bila povu. Nikaanza kujitetea. Nikizunguka nitapita juu ya zile nyaya, hiyo si sababu? Wenzangu wameshatua kwenye upepo kama huu, wakanywa chai yao.

Kisha nikamwona kichwani binti yangu amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, begi miguuni, na nikajua sababu yangu ilikuwa inakaa wapi. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne wasiomjua.

Nilizunguka. Mgeni wa miwani aliuliza kwa nini tunaliacha gati. Nilipita juu ya nyaya, nikatua taratibu nikitazama bahari, mbali kabisa na gati, kisha nikaanza kurudi juu ya maji mwendo wa bata. Nilitamani kulia kwa hasira.

Nyumbani geti lilikuwa limefungwa. Kwenye kizingiti palikuwa na ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika, vile nilivyomfundisha. Nikapiga simu ya mama mdogo, akampa mtoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Samahani. Upepo ulikuwa wa nyuma, ikabidi nizunguke."

"Ulikuwa mkali?"

Sijawahi kumdanganya. "Hapana. Wa kawaida tu."

Nilisikia honi za foleni ambayo walikuwa wameikimbia na bado ikawakuta.

"Si ungetua tu, baba."

Nilikuwa na maelezo mengi, ya nyaya, ya abiria, ya mwalimu wangu. Nikamwambia Jumamosi ijayo nitawahi. Akaniitikia "sawa baba" kwa upole, kama mtu mzima anavyomwitikia mtoto.