Kitabu Nilichomshonea Mtoto Aliyefiwa na Mama

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri alifiche jina langu na la shule yangu, maana huku milimani watu wanafahamiana. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka ishirini na saba, nafundisha darasa la pili katika kijiji cha ujamaa kilicho juu ya Soni. Sina mume wala mtoto. Haya ninayoyaandika sijayaomba ushauri kwa mtu, hata kwa mchungaji wetu.

Mwaka jana wakati wa masika, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alifariki akijifungua. Mwanafunzi huyo nitamwita Hadija, si jina lake. Ana miaka minane. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani, akawekwa huko mpaka watu walipotawanyika, na aliporudi nyumbani bibi yake akamwambia, "Mama yako amekwenda Kwamkoro kuchuma chai. Atarudi." Ndivyo tunavyofanya huku, mtoto habebeshwi msiba. Hata mimi nililelewa hivyo hivyo.

Hadija akaacha kusema. Nikiita majina asubuhi, yeye ananyanyua mkono tu. Uji wa shule anauacha mpaka unaganda. Wenzake wakamchoka, wakawa wanacheza bila yeye. Nikafungua kabati la vitabu nitafute cha kumsomea. Kulikuwa na cha kilimo cha mahindi, cha usafi wa choo, cha siasa, na vile vya watu wazima wanaojifunza kusoma jioni. Hakuna hata kimoja kilichosema na mtoto mwenye huzuni. Basi nikaamua kutunga mwenyewe.

Nilikata karatasi za daftari, nikazishona kwa uzi, jalada nikalitoa kwenye boksi la sabuni. Nikachora mbega mdogo ambaye mama yake ameondoka. Hali kitu, hachezi, anakaa peke yake kwenye tawi. Mpaka hapo kitabu kilikuwa cha kweli. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaogopa. Bibi wa mtoto alikwisha kusema mama atarudi, mimi ni nani hata nimpinge mtu mzima yule? Nikaandika kwamba mapeasi yalipoiva, mama mbega alirudi.

Nikawa namsomea kila siku baada ya masomo. Siku ya tatu aliweka kidole juu ya picha ya mbega mdogo, akasema, "Huyu ni mimi." Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Taratibu akaanza kula, kisha kucheza. Bibi yake akaniletea ndizi na kuniita mwanangu. Ofisa elimu alipokuja kukagua shule alikipitia chote, akasema, "Mwalimu, huku ndiko kujitegemea. Kinakiliwe, kipelekwe hata katika shule nyingine." Nakiri kwenu kwamba nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Nikasahau kabisa kwamba mapeasi huiva kweli.

Yakaiva. Siku moja ya gulio Hadija hakuja shule. Alikuwa ameteremka peke yake kwa miguu mpaka Soni, akakaa pale yanaposimama mabasi yanayopanda kutoka Mombo, akimtazama kila anayeshuka. Alasiri mama mmoja wa kijiji chetu, aliyekwenda kuuza kabichi, akamkuta amelowa mvua, akamuuliza anamngoja nani. Alipojibiwa, yule mama akamwambia, wala hakuwa na ubaya, "Mwanangu, mama yako tulimzika. Nami nilikuwepo."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Hadija mlangoni mwa darasa, ameshika kile kitabu cha mbega.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Hadija."

"Ulijua?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikasema, "Nilijua."

"Na huyu mbega, mama yake alirudi kweli?"

Akaniwekea kitabu mkononi, akaenda kuketi mahali pake. Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, hajasema neno kwangu wala kwa mtu mwingine.

Nilikwenda kuomba radhi kwa bibi yake. Nilimkuta anapepeta maharage, hakunikaribisha kukaa. Akaniambia kwa Kishambaa, polepole, bila hasira, "Mimi nilimdanganya kwa mdomo, na maneno ya mdomo mtoto huyasahau. Wewe ulimwandikia."

Nilimwandikia ofisa elimu nikamsihi avikusanye vitabu vyote vilivyonakiliwa. Akajibu kwamba watoto wanavipenda, na kwamba hatuwezi kurudi nyuma kwa ajili ya mtoto mmoja. Nikajaribu kutunga upya ule ukurasa wa mwisho. Naandika, "Mama mbega hakurudi." Halafu? Sentensi inayofuata siipati. Nimeitafuta wiki baada ya wiki, na sasa naanza kuamini kwamba haipo.

Juzi alikuja baba mmoja kutoka Mlola. Mkewe amefariki, amemwachia watoto wawili wadogo ambao kutwa wanamwulizia. Amesikia kuna kitabu. "Nipe hicho hicho, mwalimu," alisema, "watulie angalau siku chache nipate kulima." Nikamweleza yaliyompata Hadija, yote, sikumficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeelewa. Nipe hivyo hivyo."

Nimemwambia arudi mwezi ujao. Nikimpa, safari hii nitakuwa najua ninachokifanya. Nikimnyima, sina kingine cha kumpa, na wale watoto watakaa na lile swali lao bila mtu wa kusema nao. Ninyi mliofiwa na mama mkiwa wadogo, mliambiwa nini, na kiliwasaidia? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Mimi nimefika mwisho wa akili yangu.