Rivolva Iliyopelekwa Kusafishwa

"Miezi kumi na minne, Del. Miezi kumi na minne unasafisha rivolva moja. Jeshi la majini linasafisha meli nzima, na mabaharia wake wamo ndani wamelala, kwa muda mfupi kuliko huo. Nadhani sasa umebaki mpini mtupu. Chuma chote umeshakimaliza kwa kitambaa."

Orrin Skaar alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, kofia kichwani, na sauti aliyotumia ni ile ya kumwita mnyama aliye ng'ambo ya bonde. Del Haugen, mwenye duka, hakuinua macho. Alikuwa anapanga misumeno ukutani, midogo juu, mikubwa chini.

"Ina kutu," alisema.

"Kutu gani? Nimeileta inang'aa kama kijiko cha harusi."

"Kutu ya ndani."

Verlin Oakes, aliyesambaza barua bondeni hapa miaka thelathini na sasa kazi yake ni kukaa karibu na jiko akinywa kahawa ya Del bila kulipa, alitoa kicheko kwa pua. Kisha akaona uso wa Del, akakirudisha kicheko chake kwenye kikombe.

Kwetu hapa Montana, kwenye mabonde haya madogo, neno kusafisha lina mambo yake. Mtu akifiwa, au mkewe akifunga virago, au ng'ombe wakipigwa mnada, jirani humpitia na kumwambia, bwana, naona bunduki zako zina vumbi, lete nizipeleke kwa Haugen zikasafishwe. Naye anazitoa. Hakuna anayetaja kinachoogopwa. Del anazifungia kwenye kabati la chuma nyuma ya duka, anafunga kikaratasi chenye jina kwenye kila moja, na hazigusi hata kwa kitambaa. Alianza baba yake, na hakuna aliyewahi kuandika utaratibu wake popote. Zinakaa mpaka zitakapotoka. Mara moja tu Del alikosea muda. Alimrudishia mtu bunduki yake kwa sababu siku hiyo mtu yule alikuja anacheka, na alicheka vizuri sana. Wiki haikuisha, wakamzika. Toka hapo Del haamini kicheko cha mtu yeyote, na hasa chake mwenyewe.

Sasa ajabu ya Orrin ni kwamba hakuna aliyempitia. Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, siku tatu baada ya kumzika mkewe Idella. Akaziweka kauntani bunduki zote nne, halafu akaitenga rivolva kando kwa kidole.

"Hizi zisafishe," alisema siku ile. "Na hii, hata nije hapa nikulilie, usinipe. Mpaka uone mwenyewe."

Aone nini, hakusema. Akaondoka.

Basi Del alikuwa na Orrin wawili. Mmoja wa Jumanne ile, aliyemwomba asimpe. Mwingine huyu wa leo, mwenye mali yake, anayeidai kwa haki, na sheria yote iko upande wake. Na hakuna wa kumwambia yupi kati yao ndiye mwenye akili timamu.

"Naenda Wickiup, kule mlimani," alisema Orrin. "Siku tisa. Naenda kuchukua jiko langu."

"Hilo jiko limekaa huko miaka miwili."

"Ndiyo maana. Limechoka kusubiri."

Tuseme kidogo habari za jiko. Orrin alipeleka mizigo milimani miaka thelathini na minane, kwa nyumbu. Nyumbu ninaosema ni wale ambao mama ni farasi, baba ni punda, na ukaidi ni wao wenyewe. Alipeleka unga kwa walinzi wa moto, baruti kwa wachonga njia, na safari moja alipandisha bafu la chuma kwa sababu mlinzi mmoja alikuwa na mke asiyetaka mchezo. Mzigo wa nyumbu lazima ulingane, kulia na kushoto, la sivyo mnyama anachubuka na mwishowe anakuangushia kila kitu korongoni. Kwa hiyo mkono wa Orrin ulikuwa mizani. Ukimpa kiatu, anakwambia uzito wake, na soksi iliyosahaulika ndani anakutajia.

Idella alikuwa mpishi wa kambi. Siku ya kwanza Orrin alimnyanyulia gunia la unga akamwambia limepungua ratili mbili. Idella akamjibu kwamba ratili mbili hizo ndizo Orrin mwenyewe alizokula asubuhi, kwa hiyo aache kulalamika na tumbo limejaa. Wakaoana baada ya theluji kuyeyuka. Miaka thelathini na moja, kila Septemba, walipanda wawili Wickiup kupiga hema pembeni ya kijito, bila mzigo wa mtu mwingine, wakala pichi za kopo na kugombana nani amesahau chumvi. Septemba ya mwaka juzi pumzi ya Idella ikagoma. Orrin alimpandisha juu ya nyumbu wa mbele, akashuka naye maili kumi na moja mkono wake ukiwa mgongoni mwa mkewe. Vingine vyote akaviacha. Hema, jiko la bati, na buti za Idella zilizokuwa zimening'inia kwenye tawi zikauke. Mapafu yalimchukua Julai iliyofuata.

Na Del hakuweza kumwambia kwamba hahitaji silaha. Septemba dubu anakula mchana kutwa ajiwekee mafuta, na wiki ile ile mmoja alimnyang'anya mwindaji kulungu wake huko huko Wickiup, mwindaji akarudi mjini mikono mitupu na suruali ya kufua. Del mwenyewe akienda kuokota kuni huvaa bastola kifuani. Kwenda kule bila kitu ni ujinga, na Orrin hakuwa mjinga.

"Haya," alisema Del, akaweka msumeno wa mwisho. "Tuchague."

"Tuchague nini? Ninayo yangu."

"Kila anayepanda mlimani anachagua kwangu. Hata mchungaji alichagua. Ukitaka kutoka na chuma mlango huu, utachagua kama wengine."

"Mtu amefunga ndoa na bastola yake miaka yote hiyo, unamletea wachumba," alisema Verlin.

"Wewe unabeba ipi, Verlin?" Orrin akamuuliza.

"Mimi nabeba filimbi. Dubu akija napuliza, watu wote waje waone ninavyoliwa. Sitaki kufa bila mashahidi."

Orrin alitabasamu upande mmoja. Del aliliona tabasamu hilo na hakuliweka kwenye hesabu.

Akaleta bastola tatu, zote tupu, akafungua kila moja na kuwaonyesha wote wawili kwamba ni tupu. Ya kwanza ilikuwa ya Orrin, kikaratasi bado kimefungwa. Ya pili rivolva ndogo ya risasi tano, nyepesi kama soksi. Ya tatu ile ya kisasa, ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, risasi kumi na tano.

Orrin akanyanyua ile ndogo. "Ratili moja na nusu. Kitu chepesi hivi na risasi nene hivi, ukipiga inakuvunja mkono, halafu dubu anakuja kukula na mkono umeshalainishwa."

"Kweli. Weka chini."

Akanyanyua ya magazini. "Ratili mbili na nusu. Kumi na tano za nini? Dubu ni mmoja."

"Moja yake, kumi na nne za woga," alisema Del. "Na kifundo chako cha mkono alikivunja nyumbu. Hii haikirushi sana. Uzee huu, ningekuwa wewe ningechukua hii."

"Nataka yangu."

Del alimtazama. Wanaoogopa dubu anawajua, amewauzia miaka thelathini. Wanauliza maswali mpaka wanachosha. Risasi nzito au nyepesi? Mvua ikinyesha je? Mkono wa kulia ukiumia, wa kushoto utaifikia? Wengine wanataka kujua inalia kiasi gani, wasije wakamwamsha dubu wa pili. Orrin hakuuliza hata moja. Mtu aliyeweza kugombania nusu ratili ya maharage kwa saa nzima alisimama pale na swali hana.

"Sawa, yako," alisema Del. "Lakini huvai kiunoni. Ulipovaa kiunoni ulikuwa juu ya mnyama. Sasa una begi, mkanda wa begi unaifunika. Njoo."

Akamvisha begi lenye ratili arobaini za chakula cha kuku, akamfunga ala ya kifuani, ile ya mikanda inayopita mabegani na mgongoni. Alivuta mkanda mpaka tundu la mwisho na bado ulilegea. Ikabidi atoboe tundu jingine kwa msumari.

"Umekonda, mzee," alisema Verlin, safari hii polepole. "Dubu atakuita kitafunio."

Walitoka uani. Huko Del ana gunia lililojazwa nyasi, kubwa kama ndama, limefungwa kwa kamba ndefu. Kamba inapita kwenye gurudumu lililofungwa kwenye nguzo, kisha inarudi mpaka kwenye pikipiki ya magurudumu manne pembeni kabisa. Pikipiki ikiondoka, gunia linakuja mbio kumwelekea mteja, na mwendo wake si wa kubembeleza. Kazi ya mteja ni kuitoa bastola tupu na kuilenga kabla gunia halijamfikia miguuni. Wengi mara ya kwanza wanaivuta wakati gunia limeshawapita. Mchungaji alikimbia. Hakuna anayechekwa, isipokuwa mchungaji.

Verlin alipanda pikipiki. Del alisimama mahali ambapo angeuona uso wa Orrin, akafungua tena rivolva, akamwonyesha matundu sita yasiyo na kitu, akairudisha kwenye ala. Akainua mkono, akaushusha.

Gunia likaja. Lilirukaruka kwenye changarawe, likitimua vumbi. Orrin alikuwa na mkono wa kulia tumboni, inchi nne kutoka kwenye mpini. Mkono haukupanda. Hakurudi nyuma, hakufumba macho. Alilitazama gunia likija kama mtu anayetazama basi lake linaingia kituoni. Likampiga kwenye magoti, akayumba, akasimama.

Verlin alizima pikipiki.

"Sikuwa tayari," alisema Orrin.

"Sawa. Tena."

Likavutwa tena. Safari hii mkono uliufikia mpini, ukaushika, ukabaki hapo hapo. Gunia likampiga tena magotini. Upepo ulipeleka vumbi kwenye uzio. Verlin alivua kofia, akaangalia ndani yake kana kwamba kuna kitu alikisahau humo.

"Del," alisema Orrin, na sasa sauti ile ya ng'ambo ya bonde haikuwepo. "Nilipoliona linakuja, sikuona sababu ya kuharakisha."

Del alimsogelea, akafungua kifungo cha ala, akaichukua rivolva kutoka kifuani mwake. Orrin alimwacha aichukue.

"Nikuulize kitu cha kazi yako," alisema Del. "Nyumbu wako uliwauza Februari, wote sita. Jiko lile ratili ngapi?"

"Thelathini na moja. Ukijumlisha na bomba lake, thelathini na tano."

"Hema?"

"Hema la turubai, likiwa kavu, hamsini na mbili."

"Buti?"

Hapo alichelewa. "Ratili tatu na robo. Zote mbili."

"Tisini na kidogo. Maili kumi na moja, na kifundo kibovu, na begi lako mwenyewe. Miaka thelathini na minane, Orrin, uliwahi kupanga mzigo wa kupanda bila kupanga wa kushuka?"

Orrin alifungua mdomo. Ukitaka kumjua mpakiaji wa nyumbu, muulize uzito. Anakujibu usingizini, anakujibu akiwa na homa. Huyu alitazama mlima, akatazama changarawe, akaufunga mdomo wake. Del akajua kwamba hakuwa amemdanganya yeye peke yake. Alikuwa amejidanganya mwenyewe pia, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga fundo bila kuangalia mikono yake.

"Uliniambia nisikupe mpaka nione mwenyewe," alisema Del. "Nimeona. Bado."

"Ni mali yangu."

"Ni yako. Kesho ukija na karatasi ya sheria nitakupa, halafu nitakaa mlangoni kwako siku tisa na Verlin, na Verlin anaimba."

"Naimba," alisema Verlin kwa sauti ndogo.

Del aliihamisha rivolva mkono wa kushoto, akajipangusa vumbi kwenye suruali.

"Sikiliza. Kaka yangu ana nyumbu wawili, wavivu, lakini wana miguu minne kila mmoja. Alhamisi alfajiri nitakuwa nao pale njia inapoanzia. Nitavaa ile ya magazini na makopo mawili ya dawa ya kumpulizia dubu machoni. Wewe utapakia, maana mimi nikipakia jiko litaishia mtoni. Pichi nitaleta. Chumvi tutasahau. Sikuombi ruhusa ya kwenda, mlima si wako. Nakuuliza jambo moja tu. Hizo buti nizipakie upande gani, kulia au kushoto?"

Orrin alisimama na ratili arobaini za chakula cha kuku mgongoni. Aliangalia mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufumba. Halafu akageuka, akalipita gunia, akatoka kwenye geti la uani kuelekea ilipokuwa pikapu yake, begi la duka likiwa bado mgongoni, na hakugeuza kichwa.