Sweta la Mkamwana

Steinvör wa Hvammsel hakuwahi kuonja chakula cha mtu bila kukitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, kana kwamba upande wa pili ameutunza kwa ajili ya kutemea. Keki ya mke wa mchungaji aliiita kizibo cha tundu la panya. Samaki mkavu wa majirani wa ng'ambo ya mto, alisema, hata ukimzika ndani ya siagi atafufuka vilevile, mkavu. Na siku aliyoletewa soksi za zawadi, alizinyanyua dirishani akazitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu aliyezifuma amewahi kuona mguu wa binadamu?"

Ubaya ni kwamba alikuwa na haki. Katika bonde lote lile la kaskazini mwa Aislandi hakuna aliyemfikia kwa jiko wala kwa sindano. Mapaja yake ya kondoo yalining'inia kwenye kibanda cha moshi uliokokwa kwa samadi kavu, na harufu yake ilimchelewesha dereva wa lori la maziwa kila alipopita. Majira ya baridi, wenzake walipokuwa wakijilaza mchana na kulilaumu giza, yeye alikuwa na mapipa yake ya maji ya maziwa yaliyochacha, na ndani yake soseji za damu, mbavu na korodani za kondoo dume zikikolea tangu machinjo ya vuli. Alikuwa na mkate wa shayiri wa kukanda na sufu ya kondoo wake mwenyewe ya kusokota: kahawia, kijivu na nyeupe, bila tone la rangi ya dukani. Akifuma hakuitazama mikono. Macho yalikuwa nje, yaone nani anapita na amevaa takataka gani.

Mumewe, Ketill, alikuwa mtu wa zizini. Alikula alichopakuliwa, akavaa alichofumiwa, akaenda kwa kondoo zake. Watu walisema Ketill alizaliwa bila ulimi na Steinvör akazaliwa na ndimi mbili, Mungu akaona hesabu imekaa sawa.

Vuli ile mtoto wao wa pekee, Hreinn, alirudi kuliendeleza shamba, na akarudi na mke. Eydís alitoka kijiji cha wavuvi upande wa pili wa milima, ambako alikuwa akipasua samaki kiwandani tangu usichana wake. Alikuwa na mikono miepesi ya kisu na kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea kushindana na mashine. Kwa maoni ya mama mkwe wake, hakuwa na kingine. Viazi alivichemsha mpaka vikakata tamaa. Kahawa yake ilikuwa nyepesi hivi kwamba nyufa za kikombe zilionekana mpaka chini.

"Hii unainywa?" Steinvör alimuuliza mwanawe siku ya kwanza.

"Nainywa, mama."

"Basi haya ndiyo mapenzi. Nilikuwa nikiyasikia tu."

Eydís alicheka mpaka akashika meza. Hilo lilimuudhi Steinvör kuliko kahawa yenyewe. Unamtupia mtu dharau, naye anaipokea kama pipi!

Krismasi ilipopita, Eydís alitangaza kwamba atamfumia mumewe sweta la kuvaa kwenye karamu ya katikati ya baridi, ile ambayo bonde zima hukutana ukumbini kula vyakula vya kale na kusimangana. Alikaa nalo kila jioni chini ya taa, karibu na redio, sindano zikigongana kama kwato za farasi kwenye mawe. Steinvör alikaa upande wa pili wa meza akiteseka. Vitanzi vilikuwa vimelegea mahali hapa, mahali pale vimekazwa kama shingo ya gunia. Nakshi za mabegani, ambazo kwa mikono ya mtu mwenye akili huzunguka shingo kama taji, zilikuwa zimepinda na kushuka upande wa kushoto.

"Hiyo ni nakshi ya nini?" akauliza.

"Theluji."

"Aa. Mimi nilidhani ni mtu anaporomoka ngazi."

"Hata theluji inaporomoka, Steinvör," alijibu Eydís, akaendelea kugonganisha.

Hapo katikati, habari zikaja kwamba mama yake Eydís anaumwa. Wakaondoka yeye na Hreinn kwa gari, na nyuma yao dhoruba ikaifunga njia ya mlimani. Sweta lilibaki kwenye kikapu. Steinvör alipita karibu nalo akielekea jikoni. Akapita tena akirudi. Safari ya tatu akalitoa, "nilitazame tu," akamwambia paka, maneno aliyoyasema kila aliposhika kazi ya mtu. Alipolitazama, kidole kikapata uzi, na uzi ukavutwa. Ulivyoserereka! Theluji yote ya Eydís ikafumuka, mgongo ukafuata, mpaka kiunoni. Ketill aliingia kutoka zizini, akamkuta mkewe amezungukwa na sufu iliyojikunjakunja. Akavua buti, akanywa supu, akatoka tena.

Njia ilipofunguliwa sweta lilikuwa limekamilika, isipokuwa ukosi. Lilikuwa zuri kiasi cha kukera. Nakshi zilizunguka mabega bila kitanzi kimoja kukosea, na Steinvör alikuwa amelirudisha kikapuni likiwa na sindano zake, likijifanya halijui kilichotokea.

Eydís alilitoa jioni ile. Alilipindua, akalitazama mgongo, akalitazama mbele. Hakucheka. Alikaa akamalizia ukosi kwa vitanzi vyake vilivyolegea, akakata uzi, akapanda kulala. Steinvör aliusikiliza ukimya ule akaridhika nao. "Angalau anajua kunyamaza anapofanyiwa hisani," akamwambia Ketill. Ketill alikuwa amelala, au alikuwa amefumba macho tu, jambo ambalo kwake halikuwa na tofauti kubwa.

Siku ya karamu ikafika. Ukumbi wa bonde ulijaa mpaka madirisha yakatoka jasho. Kila nyumba ilileta sinia lake la mbao: vichwa vya kondoo vilivyobabuliwa, papa aliyevundikwa ambaye harufu yake humtoa mgeni machozi, mbavu chachu, nyama ya moshi. Steinvör alipita meza kwa meza akionja kwa upande wake ule mmoja wa mdomo, na watu wakamtazama kama wanafunzi wanaosubiri majibu ya mtihani. Hreinn alivaa sweta, na kila aliyemwona alimsifu Eydís. Eydís aliitikia, "Asante," akitazama pembeni.

Kisha ikafika zamu ya kamati. Kila mwaka kamati ile huigiza jukwaani upuuzi wote uliotendeka bondeni, bila kumwonea mtu haya. Steinvör aliipenda sehemu hii kuliko chakula. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewapelekea kamati umbea wenyewe: nani alimkwamisha ng'ombe mlangoni, nani alimwita mkewe kwa jina la farasi. Aliketi mbele kabisa, mikono tumboni, tayari kucheka.

Akatoka Bárður wa Grjótholt, mkulima mwenye kifua cha pipa na ndevu nyekundu, kiongozi wa kamati mwaka huo. Alikuwa amejifunga aproni na kilemba cha jikoni, na mkononi ana kijiko. Alikichovya kijiko katika sinia la kufikirika, akakinusa kwanza, akakitia upande mmoja wa mdomo, akatafuna kama mbuzi mwenye jino bovu.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, na Steinvör alikuwa amewachoma nguruwe wengi. Uso wake ulibaki umetabasamu kwa sababu hakujua auweke vipi. Jukwaani Bárður alikuwa akinyata kuelekea kikapu. "Nilitazame tu," akasema kwa sauti nyembamba, akavuta uzi. Akafumua sweta la bibi harusi. Akafumua kofia ya mchungaji. Alipokosa cha kufumua akamgeukia mtu aliyeketi pembeni akinywa supu, aliyeigiza kuwa mume, akamwinamia. "Na hii chupi kakufumia nani? Mama yako? Ndiyo maana!" Akavuta, akavuta, uzi mwekundu ukatoka ndani ya suruali ya yule bwana usiishe, naye anaendelea kunywa supu yake bila neno, mpaka uzi ukavuka jukwaa na kufika meza ya kwanza.

Watu walilia. Mke wa mchungaji alilaza paji la uso juu ya meza. Haya yote Steinvör angeyastahimili. Hao aliwajua, ni watu wa keki mbovu. Lakini kando yake palitoka mlio kama bawaba ya ghala iliyokosa mafuta. Akageuka. Ketill, mumewe, alikuwa akicheka. Mabega yalimtetemeka, machozi yalimshuka kwenye mikunjo ya uso, na alikuwa akipiga paja lake kwa kofi. Steinvör hakukumbuka mara ya mwisho kuusikia mlio huo.

Akainuka akaenda jikoni mwa ukumbi.

Huko alikuta birika kubwa na vikombe vichafu, akaanza kuviosha kwa nguvu ya mtu anayepara samaki magamba. Nje upepo ulikuwa umeanza kutupa theluji dirishani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Eydís.

"Umekuja kunitazama nikilia?" Steinvör akasema bila kugeuka. "Utasubiri."

"Nimekuja kuchukua kahawa."

"Wewe ndiye uliyemwambia Bárður."

"Mimi."

"Una mdomo mrefu."

"Nimefundishwa na nani?"

Steinvör aligeuka na kikombe mkononi. "Ungeniambia mimi! Ana kwa ana, ndani ya nyumba!"

"Saa ngapi?" Eydís akauliza. Safari hii hakuwa akicheka hata kidogo. "Ukiamka unasema, ukila unasema. Ukinyamaza unakuwa umelala, na hata hapo unakoroma kama unanisuta."

"Nilikufanyia hisani. Lile sweta lilikuwa aibu."

"Lilikuwa aibu yangu! Nilitaka mume wangu avae sweta la mkewe. Sasa amevaa la mama yake, na mimi kutwa nzima naitikia asante kwa kazi isiyo yangu, kama mwizi."

Steinvör alikiweka kikombe chini. Aliliona jambo lile likiwa wazi mbele yake, baya, lenye vitanzi vyake mwenyewe, na hakupata pa kulishutumu. Alihisi joto likimpanda shingoni. Ilikuwa aibu, naye hakuizoea. Alikuwa akiigawa tu kwa wengine.

Bárður akachungulia mlangoni, aproni bado kiunoni, jasho likimtiririka kwenye ndevu. "Steinvör, hujakasirika? Ni mchezo tu, bibi."

"Kukasirika?" akamrukia kwa furaha ya kupata mtu wa kumrukia. "Nimekuonea huruma! Mwanamume mzima, aproni umeifunga kama kamba ya ndama! Na mimi sinusi kabla ya kuonja. Naonja, halafu ndiyo nanusa. Kama unaniiga, niige vizuri!"

Eydís aliangua kicheko, akamwaga kahawa. Barabara ilikuwa imeshafungwa na theluji, kwa hiyo bonde zima lilicheza na kusinzia juu ya mabenchi mpaka trekta lilipokuja asubuhi kuwafungulia njia.

Hakuomba radhi. Mtu asitegemee hivyo, si kwa Steinvör. Walipofika nyumbani alimwamuru Hreinn avue sweta, akabaki na shati mbele ya baba yake kama mtoto. Akakaa nalo mezani akalifumua lote, mpaka pindo la mwisho, kazi yake mwenyewe iliyokuwa nzuri kuliko zote alizofanya baridi ile. Sufu akaiosha, akaikausha juu ya bomba la maji moto, akaiviringisha. Kisha akasimama chini ya ngazi, akarusha mabonge juu moja moja.

"Haya, shika! Liharibu mwenyewe!"

"Nitaliharibu!" Eydís akajibu kutoka juu, akiyadaka.

Na kweli aliliharibu. Theluji iliporomoka upande uleule wa kushoto, na mkono mmoja ulizidi mwenzake. Hreinn alilivaa kila siku. Steinvör alipolitazama alikunja uso kama anayemeza kidonge, akatazama dirishani.

Lakini madhara ya karamu ile hayakuishia hapo. Jumamosi moja alipakua chakula cha mchana, wote wanne wamekaa. Ketill aliitazama sahani yake, akashusha uma.

"Sipendi soseji ya ini," akasema.

Eydís alishusha macho.

"Tangu lini?" Steinvör akauliza.

"Tangu zamani."

"Zamani gani? Kabla hatujaoana?"

Ketill alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Kabla."

"Na umekula. Kila msimu wa baridi, miaka yote hii, mimi nayajaza ini matumbo ya kondoo na kuyashona mpaka vidole vinakufa ganzi, wewe unakula tu?"

"Ningesemaje?"

Steinvör alisonya, msonyo mrefu wa kushuka na kupanda. Alinyanyua soseji kwenye sahani ya mumewe kwa ncha ya kisu, akaitia kwenye sahani yake, akaitafuna kwa mdomo wote, pande zote mbili, akimkazia macho.

"Kuna watu," akamwambia Eydís, "Mungu amewanyima hata ulimi wa kuonjea."

Na akamkatia Ketill kipande cha soseji ya damu, kikubwa kuliko cha mtu yeyote mezani.