Kisima cha Sadaka

Sheria nimejifunza peke yangu, kwa simu, nikiwa nimekaa barazani. Sina mwalimu, ndiyo maana kila kifungu nakisoma tena na tena nikihofia kuna neno limenipita. Watu wakisema nina wasiwasi, sibishi. Ninao.

Tunaishi Ukunda, mimi na bibi tu. Babu alipofariki, bibi alimchimbia kisima uani kiwe sadaka ya kudumu: kila anayekunywa, thawabu zimfikie babu kaburini. Wanawake wa mtaa waliingia na ndoo zao kila asubuhi, wakinitania kabla sijanawa uso.

"Wakili wetu kaamka? Mbona macho mekundu, kesi imekushinda?"

Sikuwa na marafiki wengine. Hao ndio waliokuwa watu wangu, ingawa wenyewe hawakujua.

Pembeni mwa kiwanja bibi alikuwa amempangisha fundi wa malori. Miaka yote aliyokaa hapo fundi alimwaga mafuta machafu na maji ya betri kuukuu kwenye shimo, kisha akahamia Lunga Lunga na simu yake ikawa haipatikani. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, umejaa vitundu; kinachomwagwa juu hushuka. Baada ya masika niliona utando wa rangirangi juu ya maji ya ndoo. Nikanusa. Siku ile ile nikapanda matatu kwenda ofisi ya mazingira Kwale, bila kumwambia bibi.

Afisa alikuja, dada mmoja wa bara, akachukua maji kwenye chupa. Majibu yalipotoka alirudi akasema kisima kifungwe: maji yana mafuta, na yana madini ya risasi yatokayo kwenye betri.

Bibi hakumwuliza afisa kitu. Alinigeukia mimi.

"Sasa babu yako kinamfikia nini?"

Katika yote niliyoyasoma hapakuwa na jibu la hilo. Nikampa nililokuwa nalo.

"Bibi, sheria yaanza na aliyechafua. Aliyemwaga ndiye anayepaswa kusafisha na kulipa. Babu hakumwaga."

"Na mimi?"

Ningeweza kunyamaza. "Mwenye ardhi naye aweza kuamriwa asafishe, hata kama si yeye aliyemwaga."

"Shosho, usijali," afisa akamwambia bibi. "Tutamtafuta huyo fundi kwanza. Jina lako si lazima liingie leo."

"Mwanangu, waliokunywa ni jirani zangu. Wao hawakumkaribisha fundi hapa. Nilimkaribisha mimi. Niandike."

Jioni akajifunga leso, akapita nyumba kwa nyumba. Nilimfuata nyuma. Kila mlango alisema yale yale: "Maji yangu yameharibika. Msiyanywe tena. Wapelekeni watoto wakapimwe. Nisameheni."

Mmoja wao, yule aliyependa zaidi kuniita wakili, alikuwa ananyonyesha.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kwamba haiwezekani kujua bila vipimo zaidi, kwamba inategemea mvua, na shimo lilichimbwa lini.

"Nimemwuliza bibi yako," akasema.

Bibi akajibu, "Sijui, mwanangu." Yule mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba maneno hayo mawili yalikuwa na kitu ambacho maelezo yangu yote hayakuwa nacho.

Amri zilikuja mbili, moja ya fundi, moja ya bibi. Udongo mchafu ulianza kuondolewa. Asubuhi uani ni mimi tu na mswaki wangu, na hakuna anayeniuliza kuhusu macho yangu.

Siku watoto walipopimwa, bibi alitaka awepo. Mabenchi ya zahanati yalikuwa yamejaa kina mama. Tulitoa salamu, wakaitikia, basi. Tukasimama mlangoni mpaka yule aliyekuwa ananyonyesha akajisogeza kidogo, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Bibi, njoo ukae."

Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Bibi akaketi, akampokea yule mtoto mapajani. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba wa bibi, nikisubiri jina la kwanza liitwe.