Mektrida, msoma ukungu wa filamu iliyochekwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mektrida Kessy anasimama ukingoni mwa msitu, juu ya Kibosho, mundu mkononi. Hajaanza kukata majani. Anasikiliza.

"Ukungu wa leo unatoka chini," anasema polepole. "Utafika kwenye ile miti ya migrevilea, utatulia kidogo, halafu utaingia kwenye kahawa yetu. Subiri uone."

Dakika kumi baadaye migrevilea haionekani. Kisha kahawa. Kisha yeye mwenyewe. Imebaki sauti yake tu, na harufu ya majani mabichi.

Mektrida, 57, hukata majani ya ng'ombe wake wawili katika nusu maili, ule ukanda unaotenganisha mashamba na msitu. Maziwa humpa kama Sh6,000 kwa siku. Ndiyo kazi ya maisha yake yote, ukiondoa siku tisa za mwaka juzi, alipoajiriwa na watengeneza filamu awasomee ukungu.

Aliyemwajiri ni Rishi Vaghela, 34, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini. Alikuwa akipiga filamu yake ya kwanza, *Ghala Namba Tisa*, kuhusu wanasiasa wanaokutana kwa siri kwenye ghala la kahawa kupanga kumpindua rais. Mashine ya kutengeneza ukungu ilikuwa imemwangusha. Ilitoa kitu kama moshi wa jikoni.

"Nilimkuta njiani na mzigo wake wa majani," anakumbuka Rishi. "Nikamwambia, shikamoo mama, ukungu utakuja saa ngapi? Akasema, 'Marahaba. Wewe washa mitambo yako, ukimaliza utakuwa umefika.' Na kweli ukafika."

Alimlipa Sh20,000 kwa siku. Zilimfaa sana, kwa sababu mumewe, Kornel, alianguka miaka sita iliyopita akipunguza matawi ya mti wa kivuli, na hajatembea tangu siku hiyo. Kornel ndiye aliyemfundisha kusoma ukungu, walipokuwa wachumba.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, Mektrida alishuka na kitenge kipya. Watu kama sitini walikuja. Waziri msaliti alipoanza kueleza njama yake, akaeleza, akaendelea kueleza, ukumbi ukaangua kicheko. Hadi mwisho walibaki tisa. Kesho yake mtangazaji mmoja wa redio akasema wala njama wale wanaongea kama washereheshaji wa harusi.

"Niliumia," anasema Mektrida. "Siyo kwa ajili ya waziri, yule hata mimi alinichosha. Niliumia kwa sababu nyuma yake ukungu ulikuwa unapita vizuri kabisa, na hakuna aliyeutazama."

Rishi akarudi dukani kuuza misumari. Miezi minane hakugusa kamera. Ndipo asubuhi moja Mektrida akaingia dukani.

"Akaniuliza, 'Mwanangu, zile picha mlizopiga kabla waigizaji hawajafika, ziko wapi?' Nikamwambia zipo, saa tatu nzima, hazina mtu wala maneno. Akasema, 'Hizo ndizo nazitaka. Mzee wangu hajaliona shamba letu la juu miaka sita.'"

Jumapili iliyofuata Rishi alipanda Kibosho na kompyuta yake. Wakaiweka kitandani, juu ya magoti ya Kornel. Ukungu ulipita kwenye migrevilea, ukaingia kwenye kahawa, ukafunguka, ukafunga tena. Kornel alinyoosha kidole, akagusa kioo.

"Mama Violet," akamwambia mkewe, "kahawa za kule mbona hazijapogolewa?"

Mektrida alicheka hadi akalia. Rishi anasema alitoka nje akajifanya anapiga simu.

Siku hizi, akifunga duka, Rishi huzipanga upya zile saa tatu. Hajui bado zitakuwa filamu ya nini, na hana haraka.

Mektrida ana mpango mwingine. Jumatatu ya Pasaka, majirani wanne wamekubali kumbeba Kornel kwenye kiti hadi shamba la juu, mwendo wa saa moja na nusu. Watatoka kabla hakujapambazuka.

"Rishi aliniuliza, 'Mama, kwani picha hazitoshi?'" anasema, huku akianza kukata majani ndani ya weupe ule. "Nikamwambia ni nzuri mno. Lakini hazina baridi, mwanangu. Kornel anataka ile baridi."