Mtangazaji Anayewajua Viungo kwa Mwendo Wao

Saa tisa alasiri imepita kidogo. Mtangazaji anapanda ngazi za mbao hadi kibanda kilicho juu ya jukwaa, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Anavaa visikizi masikioni, anavuta kipaza sauti, anainama kuutazama uwanja ambao kwake sasa ni kijani tupu chenye ukungu pembeni. Kando yake ameketi mkewe, ambaye miaka yote ya ndoa yao aliuita mpira ugomvi wa watu wazima wasio na kazi. Leo ana darubini shingoni.

Mtangazaji huyu ametangaza mechi kwenye redio ya mji kwa miaka kumi na tisa. Mitatu ya mwisho ametangaza huku presha ya macho ikimla polepole. Daktari alimweleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Mtangazaji akamwambia mkewe tu. Kituoni alinyamaza, maana mtangazaji asiyeona nani atamweka?

Namba za migongoni zilipomtoka, alishika mwendo wa watu. Viungo ndio aliowajua zaidi, kwa kuwa mpira wote hupita miguuni mwao.

"Kufuli anakimbia hatua fupifupi, mabega chini," anasema. "Haangalii mpira, anaangalia miguu ya mwenye mpira. Akiupata anampa aliye karibu, kazi imekwisha. Sindano yeye ni kichwa juu. Anajua atapeleka wapi kabla mpira haujamfikia, na ataupenyeza mahali ambapo wewe na mimi tungesema hapapiti kitu. Lakini timu ikipokonywa, huyo anashika kiuno na kutazama."

Majina hayo aliwapachika yeye viungo wawili wa timu ya mji, mji mzima ukayadaka. Vinyozini watu hubishana mate yakiwatoka: nani mkali zaidi? Kwake swali hilo halina kichwa wala miguu. Ukiwa unaongoza kwa bao moja na jua linazama, utamtaka Kufuli. Ukiwa nyuma, utamlilia Sindano mpaka koo likauke.

Kisha ikaja mechi ya mwezi uliopita. Timu zikiwa sare, Sindano akaumwa paja, na kocha akawabadilishia kazi viungo wake: Sindano arudi chini, Kufuli aende mbele. Kibandani hakuna aliyemwambia mtangazaji. Akaona mtu nje ya eneo la hatari amelipa lango mgongo, anapokea, anageuka, anaachia shuti. Uwanja ukalipuka. Mtangazaji, aliyezoea kumkuta Sindano mahali hapo, akalitaja jina lake, akalirudia mpaka pumzi zikamwisha.

Aliyefunga alikuwa Kufuli. Lilikuwa bao lake la kwanza tangu asajiliwe.

Nyumbani, baba yake Kufuli, mzee aliyepooza upande mmoja, alikuwa kitandani na redio yake. Kijana alirudi na kumwambia kwamba lile bao ni lake. Mzee akadhani anabembelezwa kama wagonjwa wanavyobembelezwa. Akamjibu mwanawe kwamba redio haijawahi kumdanganya.

Kufuli alimpelekea mtangazaji maneno hayo bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma. Kesho yake mtangazaji akashikwa mkono na mkewe hadi nyumbani kwa mzee.

"Njiani nilipanga kusema ulimi uliteleza," anakumbuka. "Nikaingia, nikasikia mzee anaizima redio ili anisikilize mimi. Nikashindwa kusema uongo. Nikamwambia, baba, sikuliona bao la mwanao. Macho yangu yamekwisha."

 Mzee akamwomba mwanawe, aliyekuwa kando ya kitanda, asimulie alivyofunga, pole pole, na mtangazaji alitangaze upya. Basi mle chumbani, Kufuli akawa anataja hatua moja, mtangazaji anaipaza: pasi imemfikia, anageuka, beki yuko chini, anapiga. Mzee alilia kwa furaha. Kufuli, mtu asiyeogopa buti la mtu yeyote, alitoka nje akajificha nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo mtangazaji alikwenda kituoni kukiri. Mkuu wake alimruhusu amalize msimu, mradi apate mtu wa kumsomea namba. Mkewe akasema atakaa yeye. Sasa anamnong'oneza namba sikioni, na mengine ambayo hakuulizwa, kama vile kaptula ya mwamuzi ilivyokosa pasi. Mumewe anakiri kwamba anaogopa. Hajui atakuwa nani siku kipaza sauti kitakapopewa mtu mwingine.

Zimebaki mechi tatu. Akiulizwa anatamani nini, hataji macho.

"Natamani Kufuli afunge tena kabla sijaondoka," anasema. "Mke wangu ataniambia ni yeye. Nami nitamtaja taratibu, mara mbili, tatu, ili mzee wake asihitaji kumuuliza mtu."