Kitufe cha Msiba

Zahanati ya kwanza niliyoiweka kwenye ramani ilitua katikati ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimekosea tarakimu moja. Wiki nzima watu wa Mbinga walinitania: eti wagonjwa waende na mitumbwi, eti nesi anawachoma samaki sindano. Nilicheka nao, nikarekebisha, nikatoa toleo la pili. Siku zile makosa yangu yalikuwa ya kuchekesha.

Nina kibanda cha kutengeneza simu na kuchapa barua Mbinga mjini, si mbali na stendi. Programu ile niliianza kwa hasira. Kila siku mgeni aliingia kibandani kuuliza njia, na maelezo ya njia ya huku ni mtihani: panda hapo, ukikuta mti ulioanguka shika kulia, vuka mto mara mbili, halafu uliza. Mkulima wa kahawa akikwambia "hapo tu, nyuma ya kilima", jiandae kwa saa mbili za kupanda na kushuka. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Lundo, ambako ukipotea unafuata maji tu. Milima ya Wamatengo ilinichosha. Nikajifunza mwenyewe, kwa video na kwa kubahatisha, mpaka nikapata programu ya kuweka kwenye simu inayomwonyesha mtu zahanati, kanisa, mashine ya kusaga, ghala la kahawa na mahali boti zinapotia nanga. Ukipapenda mahali unapahifadhi kwa jina unalotaka, na kitu chochote kipya kikiwekwa karibu na hapo, simu yako inalia na kukujulisha. Hicho cha mwisho nilikiona ni ujanja mkubwa. Nilijisifu nacho mpaka watu wakanichoka.

Dada yangu alikuwa wa kwanza kunichoka. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne, fundi cherehani, anaishi Njombe. Krismasi alipokuja Lundo nilimnyang'anya simu, nikamwekea programu, nikamhifadhia nyumba ya baba yetu kwa neno moja: Nyumbani.

"Ya nini sasa? Kwani nitapotea kwetu?" aliniuliza.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi akirekebisha redio yake. "Mwache mwenzio," alisema. "Asipotuonyesha sisi, atamwonyesha nani?"

Tulicheka wote watatu. Mama alishafariki zamani, kwa hiyo watatu ndio tuliokuwa nyumba nzima.

Kitufe cha msiba kilikuja baadaye, na kilitokana na aibu yangu mwenyewe. Mteja wangu mmoja alifiwa na mkewe Kingerikiti. Nilikwenda kuzika nikapotelea milimani. Nilipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini, majembe mabegani, nami nimeshika shada la maua kama mtu aliyealikwa harusi. Nilirudi mjini nimejikunyata. Wiki hiyohiyo nikakaa na kompyuta, nikaongeza kitufe: mwenye msiba, au jirani yake, anakibonyeza kwenye ramani mahali penye turubai, na kila anayetaka kwenda anaongozwa mpaka mlangoni. Nilipotoa toleo hilo sikulala kwa furaha. Kina mama wa jumuiya walinisifu kanisani. Mwalimu mkuu mmoja alinishika mkono akasema nimefanya kazi ya Mungu, nami nikamwamini.

Sasa, huku kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Anasafiri na hofu, lakini anasafiri na tumaini pia. Akikaribia, ndugu wanamsubiri nyumba ya pili au ya tatu kabla ya kwao. Anakalishwa kwenye mkeka, anapewa maji, na mkubwa wa ukoo anamwambia huku wanawake wamemzunguka. Hapo ndipo anapolia, na wote wanalia naye, wanaingia nyumbani kwa kilio kimoja. Haya sikufundishwa na mtu. Nimekua nayo, kama ninavyojua jinsi ya kumwamkia mkubwa. Yote niliyajua siku nilipokaa kutengeneza kitufe, na hata mara moja sikuyafikiria.

Baba alifariki kulipokuwa kunapambazuka, baada ya kuumwa siku nne. Nilikuwepo. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyemfumba macho. Baba mdogo akampigia dada yangu, akamwambia mzee hali yake si nzuri, apande basi la asubuhi. Mimi nilipewa gari la rafiki wa baba mdogo, pamoja na dereva, nikatumwa Mbinga kumpokea.

"Usimwambie kitu," Shangazi alinionya. "Mlete salama. Kumwambia ni kazi yangu."

Saa nne nilikuwa kibandani Mbinga, nimejifungia, na simu haikupumzika. Wanakwaya, walimu, wateja, kila mmoja aliyesikia alitaka kwenda, na kila mmoja aliuliza kitu kilekile: Lundo sehemu gani, tukifika Mbamba Bay tunashika wapi? Nilieleza mara tano, mara sita. Nilikuwa nimefiwa na baba yangu, na bado nilikuwa nawaelekeza watu njia. Nikafungua programu yangu, nikakishika kwa kidole kile kitufe juu ya nyumba yetu, nikabonyeza. Nafsi yangu ilitulia. Simu yangu ikalia palepale: *Msiba umewekwa karibu na mahali ulipohifadhi: Nyumbani.* Nikaufuta ujumbe ule kwa kidole gumba, nikaendelea kupokea pole.

Nilikumbuka simu ya dada saa nane mchana, nikiwa stendi, basi lake linaingia. Nikajiambia dada ni bahili wa bando, huzima data akiwa safarini. Nikajiambia njiani mtandao ni wa shida. Nilijiambia mambo mengi kwa dakika moja. Aliposhuka uso wake ulikuwa mkavu, umeoshwa, na nywele za mbele bado zina maji. Nikaona huo ni ushahidi kwamba hajui. Mtu akitaka kudanganyika hahitaji msaada.

Ndani ya gari alikaa nyuma na mimi. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani aliniuliza, "Baba anakula?"

"Anakunywa uji kidogo."

"Wa nini?"

"Wa ulezi."

"Nani anamnywesha?"

"Shangazi."

"Anaumaliza?"

"Leo ameumaliza," nikasema. Dereva alikaza macho barabarani. Dada akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani, hakuuliza tena.

Walikuwa wanatusubiri kwa jirani, kama inavyotakiwa. Shangazi alimkalisha dada kwenye mkeka, wanawake wakamzunguka, mmoja amemkumbatia kwa nyuma, wengine wamemshika mikono. Akapewa maji. Shangazi akamwambia. Wanawake walishafungua vinywa wakisubiri aanze, ili waanze naye.

Dada alisema, "Nimesikia, Shangazi. Twendeni."

Akasimama, akajifunga kanga, akatangulia. Aliingia kwa baba yake kimya, mbele ya watu wote wa Lundo, na sauti pekee iliyosikika ni ya watoto wakicheza ziwani. Wanawake walimfuata wakiangaliana. Nilikuwa nyuma yao, na hapo nilijua kila kitu. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema neno moja tu, na kila mtu pale angeelewa. Sikulisema.

Siku zote za matanga nililisikia jina la dada yangu likisagwa. Jikoni walisema Njombe imemgeuza. Kwenye mkeka wa wanaume walisema hakumpenda mzee. Mama mmoja, niliyemtengenezea simu bure mwaka mzima, aliniambia kwa huruma, "Wewe angalau ulilia, mwanangu." Nikamwitikia asante. Asante! Nilikuwa nasifiwa kwa kilio na mtu anayemtukana dada yangu kwa kosa la kidole changu, nami namshukuru. Sijawahi kujidharau kama siku ile.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Mambo ya shamba na nyumba yalipokwisha, Shangazi alimgeukia dada mbele ya wote. Hakuwa na ukali, alikuwa ameumia.

"Mwanangu, ndugu yangu alikukosea nini? Nimezika watu wengi. Sijaona binti anaingia kwa baba yake kama anaingia dukani."

Dada alinitazama. Mara moja tu, kwa muda mfupi, kisha akaondoa macho. Niliyainamisha yangu.

"Hakunikosea kitu, Shangazi," alisema. "Ni mimi tu nilivyo."

Wakaguna. Hivyo ndivyo jambo lilivyoandikwa katika vichwa vya ukoo wetu: ndivyo alivyo.

Kesho yake tulikwenda ufukweni kusugua masufuria ya msiba. Nilitaka kuanza kusema, nikaishia kusugua sufuria lilelile. Yeye ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa.

"Tulikuwa tumepita Madaba. Simu ikalia. Nikadhani ni mteja, ana gauni lake la kipaimara." Alichota mchanga, akaendelea kusugua. "Nililia mpaka Songea. Jirani yangu alikuwa mzee, akahama kiti, nadhani aliniogopa. Songea nikanawa uso, na tulipokaribia Mbinga nikanawa tena kwa maji ya chupa, kabla hujaniona."

"Dada, kwa nini hukuniambia kwenye gari? Ulinisikiliza nadanganya."

"Nilipenda kusikia amemaliza uji."

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe, na najua alisema kweli, na haikunisaidia. Nilimwambia nitakwenda kwa Shangazi leo hii hii. Akasema nifanye ninavyoona. Mchana ule aliondoka, na mimi nikapanda naye gari moja kurudi Mbinga, bila kupita kwa Shangazi. Nilijipa sababu: Shangazi bado ana majonzi, nitamwongezea. Sababu ya kweli ilikuwa mwalimu mkuu na ule mkono alionishika, na kina mama kanisani. Niliogopa kurudi kuwa mtu wa zahanati ya ziwani, safari hii bila kicheko.

Niliirekebisha programu. Hilo nililifanya upesi, maana kurekebisha kitu bila kuonekana ndiko ninakokuweza. Kitufe cha msiba sasa hakimlizii mtu simu, wala turubai halionekani kwenye ramani mpaka wenye msiba wathibitishe kwamba waliokuwa mbali wote wamefika na wameambiwa. Nilijaribu mara nyingi, ikafanya kazi vizuri. Kabla ya kuitoa kwa watu, inanibidi niandike maelezo mafupi ya kilichobadilika, kila mtumiaji ayasome. Nilikaa na ule mstari mtupu muda mrefu. Nikaandika maneno mawili, nikaitoa.

Siku ya pili dada alinipigia kutoka Njombe. Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma.

"Simu yangu imepokea toleo lako jipya," alisema. "Nakusomea ulivyoandika. *Marekebisho madogo.*"

Niliipunguza sauti ya simu, mtu asisikie.

"Madogo?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kipimo cha kitambaa. Kisha akasema ana mteja, akakata.

Jumamosi nilifunga kibanda, nikateremka Lundo. Nilimkuta Shangazi nyuma ya nyumba yake anageuza usipa kwenye chanja, vile visamaki vyetu vidogo vya ziwani, akiwafukuza kuku kwa mguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia kitufe mpaka Madaba, na ule uji wa uongo niliomwambia dada garini. Nilimwambia kwamba siku ile ukoo ulipokaa nilikuwa najua, na kwamba dada alinitazama, nami nikainama.

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Angenifukuza ningeshukuru.

Mikono yake ilisimama juu ya samaki.

"Kwa hiyo alilia," alisema.

"Alilia, Shangazi. Kwenye basi, mpaka Songea."

"Nani alimshika?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa.

"Hakuna mtu, Shangazi."

Shangazi ni mwanamke ambaye maishani mwake hajawahi kuvuka Mbinga. Akamwita jirani aje amwangalizie chanja, akanawa mikono, akaniuliza magari ya Njombe yanaondoka saa ngapi.